Wasifu wa Kamusi, Aliyekula kwa Lugha Nne

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, tumekusanyika kumsindikiza mke, mama, bibi, dada na shangazi yetu, ambaye wengi walioko hapa walimjua kwa jina moja tu: Kamusi. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake wa kiume, fundi umeme. Marehemu alizipitia kurasa za mwanzo mwezi Januari akiwa kitandani, akasahihisha tarehe mbili, kisha akayakata maneno "mwanamke wa pekee" kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni: "Semeni nilifanya nini." Basi agizo lake litafuatwa.

Kamusi alizaliwa Jumapili tarehe 11 Juni 1961, saa tatu asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha reli. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya wanne. Baba yake alikuwa fundi saa, na meza yake ya kazi ilikaa sebuleni chini ya dirisha, kiasi kwamba watoto wa nyumba ile walijifunza kutembea bila kishindo kabla hawajajifunza kukimbia. Mama yake alikuwa dobi katika hoteli ya wageni, kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye mabeseni sita ya saruji na pasi mbili za umeme.

Mwaka 1971, Kamusi akiwa na miaka kumi, mama alirudi nyumbani amekatwa nusu ya mshahara. Alikuwa amefua sweta ya sufu ya mgeni kwa maji ya moto, ikasinyaa hadi ikawa ya kumtosha mtoto mchanga. Mgeni aliikataa, mama akarudi nayo kwenye mfuko. Ndani ya shingo yake kulikuwa na kitambaa kidogo chenye maandishi.

"Mama, hapa pameandikwa nini?" Kamusi aliuliza.

"Ningekuwa najua, mwanangu, ningekatwa mshahara?"

Kesho yake, baada ya masomo, mtoto yule alikwenda hotelini na sweta mkononi, akasimama mbele ya meza ya mapokezi mpaka mpokezi akamwonea huruma. Kilikuwa Kiitaliano: fua kwa mkono, maji baridi. Maneno machache tu, nayo yalikuwa yamekula nusu ya mshahara wa mtu mzima. Kuanzia siku ile alikuwa akipita chumba cha kufulia kila Ijumaa, akinakili vitambaa vya nguo za wageni kwenye daftari la hesabu na kuuliza maana zake. Hadi mwaka unaisha mama alikuwa na karatasi imebandikwa juu ya mabeseni, na hakukatwa tena.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu tangu 1968 hadi 1974, kisha sekondari ya wasichana tangu 1975 hadi 1980. Huko alimkuta mwalimu wa Kifaransa, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongoza gwaride, ambaye alimkopesha vitabu vyake mwenyewe na kumfundisha misingi ya Kihispania wakati wenzake wako michezoni. Jina la Kamusi lilizaliwa shuleni hapo, wala halikuwa sifa. Alipachikwa kwa sababu hakuweza kuvumilia neno likosewe mbele yake, hata kama aliyekosea ni mwalimu mkuu na shule nzima imesimama mstarini.

Julai 1981 alipata nafasi chuo kikuu, kusomea shahada ya lugha zilizotokana na Kilatini: Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano na Kireno. Kikao cha familia kiliitishwa sebuleni. Baba mdogo, aliyekuwa dereva wa lori na aliyejua bei ya kila kitu, ndiye aliyefungua mazungumzo.

"Uhasibu una kazi. Ualimu una kazi. Hata upishi una kazi. Huko kwenye Kilatini, mwajiri ni nani?"

"Kilatini si cha mapadri?" shangazi alidakia. "Siku hizi wanapokea na wasichana?"

Watu walicheka, na Kamusi akacheka nao. Baba alikuwa hajainua kichwa kutoka kwenye saa aliyokuwa ameifungua.

"Jibu swali la baba yako mdogo," alisema. "Mwajiri wako atakuwa nani?"

"Sijui, Baba."

Baba aliweka kibano chini. "Vizuri. Wote waliokuja kuniomba pesa humu ndani walikuwa na jibu. Wewe angalau hujanidanganya. Nenda kasome."

Lakini pesa hazikutosha watoto wawili. Mdogo wake wa kiume, ambaye alikuwa ameshapata nafasi chuo cha ufundi, aliambiwa asubiri mwaka mmoja. Hakubisha, ila alinuna, na ni haki akiri leo mbele ya watu kwamba alinuna muda mrefu kuliko huo mwaka mmoja.

Kamusi alihitimu Jumamosi tarehe 23 Novemba 1985. Mama alivaa gauni aliloazima, baba akavaa saa tatu mkono mmoja ili aonekane mtu wa biashara. Ile ilikuwa siku ya furaha ya mwisho kwa muda mrefu kidogo.

Kwa maana ukweli ni kwamba shahada ile haikumpa kazi. Aliandika barua za maombi sitini na moja. Yalirudi majibu kumi na manne, yote ya upole na yote ya hapana. Mwezi Machi 1986 alijishikiza kwenye duka la kupiga chapa na kutoa nakala, kando ya posta, kwa mshahara uleule wa binti mwenzake aliyeishia darasa la saba. Mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa anavuta nyaya kwenye majengo mapya, alikuwa akipata mara mbili yake. Naye hakumwachia. Kila akipita dukani alikuwa akipaza sauti mlangoni kwa Kifaransa cha kuigiza, "Bonjuuu, mheshimiwa wa shahada! Nitolee nakala mbili!" Dada yake alikuwa akitoa nakala na kutabasamu. Ni miaka mingi baadaye ndipo mdogo mtu alipoambiwa na mama kwamba siku moja kama hiyo Kamusi alifika nyumbani, akakitoa cheti chake ukutani, akakifunga kwenye gazeti na kukisukuma chini ya godoro.

Agosti 1988 alisalimu amri. Alijiandikisha masomo ya jioni ya uhasibu na kulipa ada ya muhula mzima. Baba mdogo alifurahi mno, akamnunulia kikokotoo.

Wiki tano baadaye, Jumatatu tarehe 26 Septemba 1988, aliingia dukani mwanamume mwenye unga kwenye nyusi na kitabu kinene kwapani. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha mikate cha mtaa wa pili.

"Nahitaji nakala ya kitabu hiki chote," alisema. "Tunakituma nje kikatafsiriwe. Wamesema itachukua miezi mitatu."

"Na miezi hiyo mitatu mtaoka nini?"

"Makaa." Hakuwa anatania. "Tumenunua tanuri kubwa kutoka Italia, limeshatumika lakini zima. Tumelifunga mwezi uliopita. Mkate ukitoka, upande huu mbichi, upande huu umeungua. Meneja amesema hali ikiendelea hivi wiki mbili zaidi, anafunga. Tuko watu arobaini pale."

Kamusi alikipokea kitabu akiweke kwenye mashine. Akasoma jalada. Akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mashine ya nakala ikawa inanguruma bure.

"Bwana fundi, tanuri lenu lina namba gani?"

Fundi alitoa kikaratasi mfukoni, akaisoma namba.

"Basi kitabu hiki si chake," Kamusi alisema. "Hiki ni cha tanuri dogo zaidi, la mtindo mwingine. Mkikituma huko nje mtaletewa tafsiri safi kabisa ya tanuri la watu wengine."

Fundi alimtazama kama aliyemwagiwa maji. "Wewe unasoma Kiitaliano?"

"Nina shahada yake."

"Sasa hapa unafanya nini?"

"Natoa nakala."

Mchana huohuo aliomba ruhusa akaenda kiwandani. Alikuwa akisimulia sehemu hii kwa kucheka, kwa sababu alipofika mbele ya lile tanuri alitambua kwamba hakuwa na maneno. Chuo kikuu alikuwa amesoma mashairi miaka minne. Alijua kuitaja alfajiri kwa lugha nne, lakini valvu hakuijua hata kwa moja. Alimwomba fundi alifungue tanuri, akainama akaingiza kichwa, na kwa saa mbili fundi alikuwa akigusa kifaa kimoja kimoja na kueleza kazi yake, yeye akiandika: hiki kinavuta hewa, hiki kinagawa moto, hiki kikiziba mkate unaungua. Kisha akakaa na kamusi halisi, ile ya karatasi, akatafuta kila kimoja.

Kesho yake, Jumanne, walipiga simu kiwanda kilichotengeneza tanuri lile. Simu za nje wakati ule zilikuwa ghali kama dhahabu. Meneja alisimama nyuma ya kiti cha Kamusi ameikodolea macho saa yake ya mkononi. Dakika mbili za kwanza zilikwenda kwa kupitishwa ofisi hadi ofisi. Dakika ya nne alipewa mzee mmoja wa bohari. Dakika ya tano Kamusi alianza kucheka.

"Anacheka nini?" meneja alimwuliza fundi. "Mwulize anacheka nini! Dakika hizo!"

Kamusi aliziba simu kwa kiganja. "Anauliza kama mlitoa ile mbao."

"Mbao gani?"

"Ndiyo maana nacheka."

Tanuri lilikuwa limepitia kiwandani kwao kukaguliwa kabla ya kusafirishwa, na yule mzee ndiye aliyelifunga kwa safari. Alikuwa ameingiza kipande cha mbao kwenye njia ya hewa ya upande wa kushoto ili feni isitikisike melini, na maelezo ya kukitoa yalikuwa mstari wa kwanza kabisa wa kitabu sahihi, ambacho mtu aliyewauzia hakukituma. Fundi hakusubiri simu ikatwe. Alikwenda mbio, akafungua mfuniko wa kushoto, akatoa kipande cha mbao kirefu kama mkono, cheusi tititi kwa moshi. Saa nane mchana ule kiwanda kilitoa mikate mia mbili iliyoiva pande zote mbili. Wafanyakazi waliila ya moto, bila kitu, wamesimama.

Meneja alimwita Kamusi ofisini. "Unadai kiasi gani?"

Hakuwahi kufikiria swali hilo. Alitaja mshahara wake wa mwezi mmoja wa dukani, akaona aibu, akataka kupunguza. Meneja alicheka. "Mama, hiyo ni hasara yangu ya asubuhi moja ya unga." Akamlipa mara tatu yake, na juu ya hapo akampa barua ya kumtambulisha kwa wenye viwanda wenzake.

Masomo ya uhasibu aliyamaliza muhula ule, kwa kuwa alikuwa ameshalipa, na alikuwa akisema yalimsaidia sana kujua nani hajamlipa. Lakini cheti alikitoa chini ya godoro. Februari 1989 alipanga chumba kimoja juu ya duka la vipuri, chenye meza, benchi na taipureta ya kuazima, akatundika kibao: Tafsiri za Kifaransa, Kihispania, Kiitaliano na Kireno. Barua, Mikataba, Vyeti, Vitabu vya Mashine. Mwaka wa kwanza ulikuwa mkavu. Kuna miezi alilipa kodi kwa kutafsiri maelezo ya vifungashio vya dawa za mifugo, akilipwa kwa neno, kwa bei ya chini. Mwaka wa pili wenye viwanda walianza kumtafuta wenyewe. Mwaka wa nne alimwajiri mtu wa kwanza. Mwaka uleule, 1992, alimwita mdogo wake ofisini, akamkabidhi stakabadhi ya ada: alikuwa amemlipia masomo ya juu ya ufundi umeme, mwaka mzima.

"Huu ni ule mwaka wako," alimwambia. "Hukununa bure."

Mdogo wake aliikunja stakabadhi, akatoka kwenda kujiandikisha kabla ya kusema neno la shukrani. Ndiyo sababu analisema leo: asante, Dada.

Tukirudi nyuma kidogo, kuna habari ya ndoa. Yule fundi wa mitambo aligundua kwamba kiwanda chake kina vitabu vingi vinavyohitaji tafsiri. Alileta cha mashine ya kukanda unga, akaleta cha mizani, akaleta cha jokofu. Mwezi Mei 1990 alileta cha cherehani, akakiweka mezani na kukaa kwenye benchi.

Kamusi alikifungua. "Hiki kimeandikwa kwa Kiswahili."

"Najua."

"Sasa nitafsiri nini?"

"Hakuna," fundi alisema. "Vya kigeni vimeniishia."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Agosti 1990, na wakajaliwa watoto wawili, binti mwaka 1992 na mwana mwaka 1995. Fundi hakuwahi kujifunza lugha yoyote kati ya zile nne, na mkewe alimsamehe. Binti yao alisomea uhasibu. Baba mdogo, Mungu amrehemu, aliishi kuliona hilo, akatangaza kwa kila mtu kwamba hatimaye familia imepata mtu mwenye akili. Ni huyohuyo baba mdogo ambaye mwaka 1996 alipanda ngazi za ofisi akihema, na karatasi ya Kifaransa ya pampu ya lori lake mkononi.

"Nipunguzie, mwanangu."

"Kwa ndugu ni bei mara mbili, Baba Mdogo."

Kisha akamfanyia bure, na kumnywesha chai.

Si kila alichokifanya kilimwingizia. Mwaka 2003 wakala wa mnunuzi wa nje alimletea barua ya ukurasa mmoja ya Kihispania, aitafsiri kwa ajili ya ushirika wa washona viatu, watu sitini na wawili. Barua ilitaja mkataba. Kamusi aliuomba mkataba wenyewe, akausoma wote. Nakala ambayo washona viatu walikuwa wamesomewa ilisema watalipwa wakikabidhi mzigo. Ile ya Kihispania, ambayo ndiyo ingefuatwa kukitokea ugomvi, ilisema watalipwa viatu vikishauzwa.

"Wewe umelipwa kwa ukurasa mmoja," wakala alimwambia kwa ukali alipojua kwamba amewaeleza washona viatu.

"Nimesoma kumi na moja," Kamusi alijibu. "Hizo kumi ni zawadi kwao."

Wakala yule alikuwa akimletea karibu theluthi ya kazi zake zote. Hakurudi tena. Kwa miezi saba nyumba ile ilikula kwa mshahara wa fundi peke yake, na Kamusi alisema wazi kwamba aliogopa. Washona viatu walidai kipengele kile kibadilishwe, kikabadilishwa, wakalipwa. Halafu wakaanza kusema. Mshona viatu alimwambia muuza ngozi, muuza ngozi akamwambia mwenye mbao, na mwisho wa mwaka uliofuata ofisi ilihama kutoka chumba kimoja kwenda vyumba vitatu, na wafanyakazi wakawa wanne.

Jumatano tarehe 14 Septemba 2016 aliitwa chuo kikuu alikosoma. Kulikuwa na kamati ya watu watano iliyotaka kuifunga idara yake ya zamani. Mdogo wake ndiye aliyemwendesha siku hiyo, akaruhusiwa kukaa nyuma, kwa hiyo haya aliyasikia kwa masikio yake. Ukumbi ulikuwa ghorofa ya pili, meza ndefu, na ukutani mchoro wenye mistari ya rangi. Mstari wa idara ya lugha ulikuwa chini kabisa.

"Mama," mwenyekiti alianza, "miaka mitano baada ya kuhitimu, watu wa idara hii wanapata pungufu kuliko wa idara nyingine zote. Mzazi akiniuliza kama shahada hii inalipa, nimjibu nini?"

"Hesabu yenu ni sahihi," Kamusi alisema. "Mimi mwenyewe, karibu miaka mitatu baada ya kuhitimu, nilikuwa natoa nakala kando ya posta."

Mhadhiri mmoja aliyekuwa ameketi pembeni alijishika kichwa. Mwenyekiti akashangaa. "Samahani, umekuja kuitetea idara au kuizika?"

"Nimekuja kusema kweli, mwamue wenyewe. Darasa letu tulikuwa kumi na tisa. Nimewatafuta wote. Wawili wametangulia mbele ya haki, mmoja hakunijibu. Kumi na wawili wanaishi kwa lugha zile, na wanaishi vizuri. Wanne wameniambia kama wangepewa nafasi ya kurudi nyuma, wangesoma kitu kingine. Majina yao yako hapa, sikuwaficha."

"Tofauti yao ni nini? Bidii?"

"Hapana. Wale wanne wana bidii kuliko mimi. Tofauti ni kwamba wale kumi na wawili, kila mmoja alikutana na kitu cha pili. Mmoja sheria, mmoja meli, mmoja ualimu. Mimi nilikutana na tanuri. Lakini tulikutana navyo kwa bahati, tena tumeshapoteza miaka. Msiifunge idara. Mpeni mwanafunzi lugha, na mumpe na kitu cha kuzungumza kwa lugha hiyo, hapahapa, kabla hajatoka getini. Halafu mrudi mpime. Na msipime mwaka wa tano tu. Pimeni na wa kumi na tano."

Hakuna aliyepiga makofi. Haikuwa kamati ya makofi. Njiani kurudi alisema, "Nadhani nimewaharibia." Miezi minne baadaye barua ilikuja. Idara haikufungwa. Tangu 2018 kila mwanafunzi wake anasoma lugha pamoja na fani nyingine moja, na hadi alipougua, Kamusi alikuwa akifundisha huko kila Ijumaa mchana somo la vitabu vya mashine. Alikuwa akiingia darasani na pampu ya maji halisi mikononi, na anayetaka kutafsiri sharti aifungue kwanza.

Novemba 2023 alianza kuchoka akipanda ngazi za ofisi. Madaktari walikuta moyo umetanuka. Alitibiwa kwa uangalifu mkubwa, na familia inawashukuru wauguzi wa wodi ya moyo, ambao walimvumilia akiuliza maana ya kila neno kwenye faili lake. Kulikuwa na miezi mizuri. Juni 2024 alirudi kazini siku tatu kwa wiki, akiwekewa meza ghorofa ya chini ili asipande ngazi. Januari mwaka huu hali ilirudi nyuma.

Siku moja, wodini, mdogo wake alimwuliza swali ambalo familia ilikuwa imelizunguka miaka arobaini na zaidi. "Dada, tuambiane. Kwa jumla, ile shahada ililipa?"

Alifikiri kwanza, kama mtu anayepima neno. "Miaka mitatu ya mwanzo, hapana, na mtu asikudanganye. Baada ya hapo ilijenga nyumba, ikasomesha watoto wawili, ikalipa mishahara ya watu wanne. Ningesoma uhasibu ningepata mapema zaidi. Labda na zaidi." Kisha akatabasamu. "Lakini kila asubuhi nilikuwa naenda kazini mbiombio. Hiyo nayo uitafutie mstari kwenye mchoro wao."

Februari tarehe 20 mkuu wa idara alikuja kumwona, akamwambia kwamba mwaka huu wameandikisha wanafunzi arobaini na watatu wa mwaka wa kwanza, wengi kuliko wakati wowote. Kamusi alijiinua kwenye mto.

"Arobaini na watatu? Hao wote watakuja kuninyang'anya wateja!" Alicheka mpaka muuguzi akaja kumwambia apumzike.

Alifariki Alhamisi tarehe 6 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Mumewe alikuwa amemshika mkono, na binti yake alikuwa akimchana nywele. Hakuteseka.

Ameacha mume, fundi wa mitambo, aliyeishi naye miaka thelathini na minne; binti mmoja, mhasibu, na mkwewe; mwana mmoja, mwalimu wa Kihispania na michezo; wajukuu watatu, ambao mkubwa wao ameshaanza kusahihisha wazazi wake; dada yake mkubwa; kaka yake; mdogo wake; wafanyakazi wenzake wanne; na wanafunzi ambao hesabu yao inajulikana chuoni.

Familia inaomba kutoa tangazo moja, ambalo ni agizo lake. Ofisi haitafungwa. Itakuwa wazi Jumatatu saa mbili kamili asubuhi, chini ya uongozi wa mwanamke kijana aliyekuwa mwanafunzi wake wa mwaka ule wa kwanza wa 2018, aliyesoma Kireno pamoja na sheria. Mezani kuna cheti cha ndoa kinachosubiriwa na bwana na bibi harusi, na maelezo ya mashine ya maabara ya hospitali ambayo bado iko ndani ya sanduku lake. Kazi hizo zitatoka kwa wakati.

Pumzika kwa amani, Kamusi. Mungu akupokee, na akulaze mahali pema.